Lenzi ya Kuwaingiza Wote

Jumanne, 6 Mei

Dada yangu mkubwa kapiga simu asubuhi. Alikuwa hajapiga muda mrefu, nikadhani amenibonyeza kwa bahati mbaya, nikamwambia hivyo. Akasema hapana, kanikusudia mimi. Habari yenyewe: binti yangu anahama. Mumewe kapata kazi nchi ya mbali, wanaondoka Jumatatu, na watoto wote. Jumapili ukoo mzima unakusanyika uani kwa Dada kuwaaga. Nisikose.

Nikasema nitakuja na kamera.

Akasema nisijisumbue, Shemeji, yaani mumewe, ataleta simu yake. Mimi nije na mwili wangu tu.

Simu! Picha zote za ukoo huu siku hizi anapiga Shemeji kwa simu yake na ile fimbo yake ya kujipigia picha, na zote zina kidole chake upande wa kushoto. Kidole kile kinajulikana kuliko mimi. Na mimi ndiye mwenye studio.

Wazo lilinijia nikiosha kikombe. Kamera ndefu! Aliniachia marehemu mwalimu wangu wa kazi. Inapiga picha ndefu kama ubao wa rafu, ukoo unaingia wote bila mtu kukunja bega. Roli moja ya filamu inatoa picha nne tu, lakini ni picha kweli. Kasoro yake haina lenzi. Mwili bila jicho. Kesho naenda kwa Fundi Kamera.

Naiona tayari. Watu wote, na mimi katikati, ubavuni kwa binti yangu. Imetundikwa ukutani huko waendako. Mgeni anaingia, anauliza yule wa katikati ni nani.

Nimekula mkate. Nikipika wali kwa sufuria ile ya watu wengi naula hadi wenyewe unanichukia.

Jumatano, 7 Mei

Duka la Fundi Kamera ni kabati lenye mlango. Ukiingia wewe, yeye inabidi asimame. Droo mpaka darini.

Anazo lenzi tatu zinazoingia kamera yangu. Akazipanga juu ya kitambaa na kuzitaja kwa milimita zake, kama mtu anayetambulisha wanawe. Tisini: mpole, anaona kwa kiasi, hana matata. Sabini na Mbili: mpana zaidi, lakini mwanga wake hufifia pembeni, kwa hiyo lazima avae kichujio chenye weusi katikati ili kusawazisha. Sitini na Tano: mpana kuwapita wote, nusura aone hata masikio yako wewe uliyesimama nyuma yake. Ila huyo, anasema Fundi, hakutengenezewa filamu ndefu namna hii. Hafiki mwisho. Ncha zote mbili za picha atazitia giza.

Nikasema nampenda huyo huyo.

Fundi akauliza watu watakuwa wangapi. Sijui. Ua una upana gani. Sijui. Akauliza mara ya mwisho nilifika lini kwa dada yangu. Nikamwambia hilo halihusiani na lenzi.

Akasema tena jambo la ajabu. Eti lenzi pana si ya kusimama mbali, ni ya kuwasogelea watu. Ukisimama mbali watu wanakuwa punje za mchele na ua unakuwa kiwanja cha ndege. Nikaona huyu haujui ukoo wangu. Ukiwasogelea wale wanakuuliza maswali. Unakula nini, nani anakufulia, mbona huoi tena.

Hata hivyo kuna moja nimeliokota la maana. Lenzi hizi huwavuta watu wa ukingoni. Aliyekaa mwisho wa mstari hutoka mpana kama godoro.

Nimetembea njia nzima nikimfikiria Shemeji akiwa godoro. Nilipofika nyumbani nikaomba msamaha. Halafu nikamfikiria tena kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Kupima ua bila kuonekana. Ndio mpango wa leo. Dada akijua napima ataanza kuamua yeye nani akae wapi.

Nilifika wakati anaokuwa sokoni. Nilibeba kamba yenye mafundo. Nikaifunga kwenye mguu wa tangi la maji, nikawa narudi kinyumenyume kuelekea bandani, nahesabu mafundo kwa sauti ndogo. Nikarudi mpaka nikagota kitu laini. Dada. Hakwenda sokoni.

Aliitazama kamba, akanitazama mimi.

"Mdogo wangu, umekuja kutusalimia au kutupimia kaburi?"

Nikasema nimekuja kuwasalimia. Akauliza kwa nini salamu zimefungwa kwenye tangi. Nikasema nachunguza jua linaangukia wapi. Akasema jua liko pale pale lilipokuwa siku zote ambazo sikuja.

Akanipa chai. Akasema binti yangu anafika kesho mchana, watalala hapo kwake, nije tule pamoja. Nikamjibu nitajitahidi, nina kazi nyingi. Kazi nyingi! Leo studio waliingia wawili, wote wa pasipoti. Wanakaa kwenye stuli, nawaambia wainue kidevu, wanainua. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Kwa haraka niliisahau kamba kwenye tangi. Sasa sijui ua una mafundo mangapi. Nimekadiria: mengi.

Ijumaa, 9 Mei

Jana kabla ya kulala niliswali istikhara, nimwombe Mwenyezi Mungu aniongoze kwenye lenzi yenye kheri na mimi. Niliitaja Sitini na Tano kwanza, halafu zile nyingine kwa heshima.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilimfuata Sheikh, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, mkono wake begani kwangu. Akauliza kama kweli moyo wangu uko katikati ya zote tatu. Nikasema uko katikati, ila umeegemea. Akacheka kimyakimya. Akasema istikhara ni ya mtu anayeomba njia, na mimi naonekana nimeshafika, naomba mhuri tu. Kisha akauliza habari za binti yangu, maana anamkumbuka tangu alipomsomesha Kurani chuoni. Nikamwambia anafika leo leo. Akashangaa nafanya nini pale.

Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa Fundi kutafuta ishara.

Na ishara imekuja! Droo ya Tisini ilikwama, Fundi aliivuta mpaka akatoka jasho. Droo ya Sitini na Tano ilifunguka kwa kidole kimoja. Nikasema alhamdulillahi. Fundi akasema droo ile aliitia grisi wiki iliyopita. Nikamwuliza nani alimtia moyo wa kuitia grisi. Akafuta jasho.

Tumebadilishana. Nimempa taa zangu mbili za studio. Atasema mtu, pasipoti utapiga kwa mwanga gani? Kwa dirisha. Dirisha limekuwepo kabla ya taa.

Binti yangu kapiga simu. Wamefika, watoto wamechoka, shangazi yake kapika, wananingoja. Sauti yake imekuwa kama ya marehemu mama yake akiwa na mafua. Nikamwambia wale tu, nitakuja nikishaifunga lenzi kwenye kamera. Skrubu moja imekataa mpaka jua limezama.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ilikuwa ya majaribio. Siwezi kuchoma filamu ya kweli kwa majaribio, lakini mpangilio lazima uzoeleke.

Nikatoa viti vyote kwenye kichochoro nyuma ya studio. Nikaongeza makreti. Jirani yangu Mama Cherehani, yule fundi nguo, akaniazima sanamu zake tatu za kuvalishia magauni. Hazina vichwa, lakini zina mabega mazuri. Kila kiti nikakivika koti au kofia ili nijue ni nani. Dada nikampa kreti la juu. Shemeji nikamweka mwisho kabisa, koti lake nikalijaza magazeti. Sanamu yenye gauni la bluu ikawa binti yangu. Kiti changu ubavuni kwake.

Tatizo likawa nani abonyeze. Mama Cherehani akajitolea, akasema mbona ni kubonyeza tu, jirani. Nikamshukuru, nikakataa. Kamera hii haijaguswa na mkono mwingine tangu mwalimu wangu. Nina kidude cha saa kinachobonyeza chenyewe: unakivuta, kinazunguka na kunguruma, wewe unakimbilia mahali pako. Nimekimbia kutwa. Mara nyingine nawahi, mara nyingine kinapiga nikiwa bado hewani.

Wapita njia waliuliza kama pana msiba. Mmoja alikaa kabisa, juu ya Shemeji.

Baadaye nilichoka nikakaa kwenye kiti changu, karibu na lile gauni la bluu. Palikuwa na utulivu. Nikawaeleza wote habari za wiki. Ni watu wazuri kusikiliza.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu mkononi. Sijui alikuwepo tangu lini.

Alikuja kusalimu, akanibusu mkono. Kakonda kidogo. Nikafurahi kupita kiasi, nikamwambia kaja wakati mzuri sana, aiondoe ile sanamu akae yeye nione kivuli cha uso. Alikaa. Mjukuu akauliza kwa nini shangazi yule wa gauni la bluu hana kichwa. Nikawaambia watulie, mwanga unaondoka.

"Baba," akasema, "mimi nimekuja kukuona wewe."

Nikamwambia ananiona, asigeuze kidevu.

Kisha akainuka, akasema lazima akanunue mabegi, maduka yatafungwa. Akaniuliza kama usiku nitakuja kula. Nikasema kesho tutakuwa pamoja kutwa nzima, subira. Aliliinua lile gauni la bluu, akalirudisha kwenye kiti, akalinyoosha mabega. Akaondoka.

Mtoto mwenye adabu. Ila kaondoka mapema mno, sikupata kupima kivuli.

Jumapili, 11 Mei

Siku yenyewe. Nimerudi, mguu wa kulia umevimba. Niandike kabla sijasahau.

Walikuwepo wote, na wengine sikuwajua kuwa ni wetu. Niliingia na kamera begani, stendi ya miguu mitatu mkononi. Wakanipokea kwa furaha, wallahi. Binamu mmoja akasema lo, mzee kaja na bunduki. Watoto wakanizunguka. Binti yangu alikuwa amenitengea sahani na kiti pembeni yake. Nikasema baadaye, kwanza kazi.

Nikasimika kamera mbali, kule karibu na geti, ili nisimwache mtu nje. Nikawapanga mstari uliopinda kidogo, ncha zikija upande wa kamera. Dada alikataa kreti la juu, akasema yeye si jogoo. Shemeji nilimwomba akae mwisho wa mstari, upande wa bandani. Nilitegemea ubishi. Akasema sawa shem, popote unapotaka. Akaenda akakaa akitabasamu. Wema wake ule umeniudhi.

Ubavuni kwa binti yangu nikaacha kiti changu.

Shemeji akaomba kwanza apige moja ya haraka kwa simu, watoto wasije wakachafuka. Wote wakajikusanya, wakaegemeana, wakacheka. Binti yangu akaniita niingie. Wakaniita wote. Nikawaambia waendelee tu, mimi siingii kwenye picha ya fimbo. Walipiga bila mimi. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Halafu zamu yangu. Picha ya kwanza: nilisahau mfuniko juu ya lenzi. Mjukuu ndiye aliyeniambia, baada ya picha kupigwa. Ya pili: kidude cha saa kilinikuta katikati ya njia. Ya tatu: kilinikuta pale pale, mbele kidogo. Umbali ulikuwa mkubwa kuliko wa kichochoroni. Hapo ndipo Dada aliposema dereva wa binamu yuko getini, hana kazi, aje abonyeze, mimi nikakae na mwanangu. Nikamwambia hii si kengele ya mlango. Mkwe wangu akajitolea. Nikakataa. Binti yangu akasema basi usogeze kamera karibu, Baba. Nikakataa, mwenye lenzi ni mimi.

Ya nne, ya mwisho. Bismillahi. Nikavuta kidude, nikakimbia kwa nguvu zangu zote. Nikaona siwahi katikati. Nikakata kona kwenda ukingo wa karibu. Mguu ukanasa kwenye kamba, ile ile ya mafundo, hakuna aliyeifungua. Nikaruka. Mtu akanidaka. Kikapiga.

Shemeji. Kanishika kiunoni kama anayecheza na bibi harusi. Akauliza kama nimeumia. Nikasema aniachie.

Chakula kilikuwa kimepoa. Nilikula wima huku nakunja stendi. Binti yangu alikuwa ndani anafunga mabegi, watoto wakilia usingizi. Sikutaka kumsumbua. Nina mpango mzuri zaidi: kesho wanaondoka asubuhi. Naosha filamu alfajiri, natoa nakala, namkabidhi mkononi kabla gari halijatoka. Atafurahi.

Jumatatu, 12 Mei

Niliswali alfajiri, nikaingia chumba cha giza. Filamu ndefu kama hii naiosha kwa njia ya mwalimu wangu: giza totoro, unaishika ncha zote mbili, unaipitisha kwenye sinia la dawa, juu na chini, juu na chini. Hakuna taa, hakuna kuacha. Chini ya mlango nilisukumia kitambaa kuzuia mwanga.

Nilikuwa katikati ya dawa mlango ukagongwa.

Binti yangu. Gari limekuja mapema. Wamepita njia ya studio ili waniage. Nikapaza sauti asifungue, filamu iko nje.

"Nifungue kidogo tu, Baba. Nikuone tu."

"Ukifungua mtapotea wote."

Nilimsikia anavyopumua, tulikuwa karibu, ni ubao tu ulio kati yetu. Nikamwambia asubiri kidogo, hata dakika chache, picha inatoka. Akasema gari liko katikati ya njia, wanapigiwa honi. Mjukuu akauliza Babu yuko wapi. Akaambiwa yuko ndani. Akauliza mbona hatoki. Jibu sikulisikia.

Halafu vidole vidogo vikasukuma kitambaa chini ya mlango. Mwanga ukaingia mstari mwembamba. Nikakirudisha kwa mguu.

Akasema, "Haya, Baba. Jitunze. Kula vizuri."

Mimi nikamwambia asipenyeze kitu chini ya mlango, dawa inachoma. Sijui kwa nini nilisema hilo. Nilikuwa na maneno mengine, nilikuwa nayo, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika filamu.

Honi. Kisha hakuna honi.

Niliendelea juu na chini. Ukiacha kabla ya wakati, kazi yote bure. Nilipotoka na filamu inachuruzika maji, nikasimama barabarani nimeiinua juu, kama wangeweza kuiona. Mama Cherehani alitoka akanishika kiwiko, akaniambia niingie ndani, jirani, kuna vumbi, filamu itashika.

Kweli. Ilikuwa itashika vumbi.

Jumanne, 13 Mei

Nimetoa nakala. Naandika nikiwa nayo mezani, na kioo cha kukuzia.

Ya kwanza ni giza. Ya pili na ya tatu, ukoo umekaa vizuri na mbele yao mgongo wangu unakimbia.

Ya nne ndiyo picha. Ua umetoka mkubwa ajabu. Tangi, banda, anga, ukuta wa jirani, kuku nisiyemjua. Watu wako katikati, wadogo, lakini ukikuza wote wapo, wote macho kwenye kamera. Isipokuwa mmoja. Binti yangu mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti kitupu, na uso ameugeuza pembeni kabisa, upande wa bandani. Hatazami kamera. Anatazama kule mwisho wa picha.

Kule mwisho ni giza. Fundi alisema kweli, lenzi haifiki. Shemeji hakunenepa, katoweka. Nimekuza, nikakuza tena. Mna meno ya Shemeji, na mbele yake kitu kama koti linalodondoka. Ni mimi. Yaani ukiambiwa ni mimi, unaona.

Nimeiangalia sana. Chai imepoa, nikaiangalia tena. Baada ya Adhuhuri nimepata jibu, na moyo umetulia, maana hata istikhara nilikuwa sijaisoma vizuri. Kosa si langu. Ni la Sitini na Tano. Angekuwa Sabini na Mbili, na kile kichujio chake cha kusawazisha, giza lile lisingekuwepo. Ningeonekana wazi. Binti yangu angekuwa ananitazama mimi, kila mtu angeona ananitazama mimi. Ni suala la lenzi tu.

Nimekwenda kwa Fundi. Mwanzo alikataa, akasema nikapumzike. Mwishowe tumekubaliana: nampa kamera ya pasipoti na stuli yake, ananipa Sabini na Mbili na kichujio. Wakirudi likizo, hata ikichukua miaka, watanikuta niko tayari. Ijumaa jioni ndipo ananikabidhi.

Binti yangu kapiga simu. Wamefika salama, alhamdulillahi. Nyumba ni ndogo, nje kuna baridi. Watoto wananiulizia. Anasema Ijumaa jioni watakaa wote mbele ya simu ili tuonane uso kwa uso, hata saa nzima, niseme tu ndiyo.

Nikamwambia Ijumaa haiwezekani, nina shughuli ya kifamilia.